Nimewaongezea mshahara, nikawapa na bonasi. Mbona kazi imezidi kuharibika?

Mpendwa Mshauri,

Ninasimamia kitengo cha madai katika kampuni ya bima. Nina wafanyakazi 12, na kazi yetu imegawanywa katika meza nne, watatu kila meza. Meza ya kwanza hupokea dai na kulisajili, ya pili hukagua nyaraka, ya tatu hukokotoa kiasi cha kulipa, na ya nne huidhinisha na kupeleka malipo. Faili hupita kwenye meza zote hizo, na aliyelipokea mwanzoni kwa kawaida hajui liliishia wapi.

Mwaka jana nilihudhuria kozi ya uongozi. Tulifundishwa piramidi ya Maslow: chini kabisa mahitaji ya mwili, juu yake usalama, kisha kupendwa na kuwa miongoni mwa wenzako, kisha heshima, na kileleni mtu kufikia ukamilifu wa kile anachoweza kuwa. Niliporudi nikaandaa dodoso. Niliorodhesha ngazi zile tano, nikawaomba wazipange kwa umuhimu. Wanane kati ya 12 waliweka mshahara na usalama wa ajira mbele. Nikapigania nyongeza, na wote wakapata asilimia 8. Kwa miezi miwili kitengo kilichangamka. Mwezi wa tatu tukarudi palepale: watu wanachelewa, simu za wateja zinaita mpaka zinakatika, nyuso zimechoka tangu asubuhi.

Nikajiambia kwamba ngazi za chini zimeshatoshelezwa, sasa tupande kwenye heshima. Nikaanzisha Mfanyakazi Bora wa Mwezi, picha ikabandikwa ukutani. Pia nikaweka bonasi kwa yeyote atakayehudumia zaidi ya mafaili 30 kwa wiki. Idadi ilipanda kweli, kutoka wastani wa 24 hadi 33. Lakini mafaili yanayorudi kwa sababu ya makosa yamepanda kutoka 3 katika kila 100 hadi 11. Yale magumu, yenye nyaraka pungufu au warithi wanaogombana, yanalala chini ya rundo hadi mteja aje kupiga kelele. Meza ya pili inailaumu ya kwanza, ya tatu inailaumu ya pili.

Kinachoniumiza zaidi ni F., wa meza ya ukaguzi. Hakuna anayejua nyaraka kama F. Zamani ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni bila kuombwa. Siku hizi ameacha. Nilipomuuliza alijibu, “Kila dakika ninayomfundisha mtu ni faili langu linalobaki.” Amekuwa mfanyakazi bora mara mbili, na mara ya pili hakutokea kupigwa picha. Nilipompa nafasi ya kuwa kiongozi wa meza, alikataa.

Juu ya hayo, miezi minne iliyopita tuliajiri mtu mpya kwa mshahara unaozidi wa waliokaa miaka sita kwa asilimia 15, kwa sababu hatukumpata kwa chini ya hapo. Siri imevuja. Hakuna aliyeniuliza, ila naona wanavyonyamaza nikiingia.

Mkurugenzi anasema niongeze bonasi mara mbili. Wa rasilimali watu wanataka semina nyingine ya motisha. Mimi nafikiria kufuta bonasi yote nianze upya. Nina wiki sita kuwasilisha pendekezo. Je, ni mimi niliyeielewa vibaya nadharia, au wenzangu ndio wasioridhika kwa lolote? Na F. anataka nini hasa?

Msimamizi Aliyeishiwa Mbinu

*

Ndugu Msimamizi,

Asante kwa barua yenye tarakimu. Wengi hutuandikia kwamba “morali imeshuka” wakaishia hapo, na mtu hubaki hajui aanzie wapi. Wewe umeandika 24 na 33, umeandika 3 na 11, na umetaja sentensi ya F. neno kwa neno. Umepigania nyongeza ya watu 12 ukaipata. Hayo si matendo ya msimamizi asiyejali, na ningependa uendelee kusoma ukilikumbuka hilo, maana kuna mahali nitakuuliza maswali magumu kidogo.

Nikikuelewa vizuri, unaona tatizo moja: watu hawana motisha, na kila unachowapa hakitoshi. Mimi katika barua yako naona matatizo matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja. La kwanza ni haki, yaani ule mshahara wa mgeni. La pili ni bonasi inayohesabu kitu kimoja na kuacha vingine. La tatu ni namna kazi yenyewe ilivyokatwa vipande vinne. Kila moja lina nadharia inayolieleza vizuri na nyingine zisizolieleza kabisa, na pengine uchovu wako unatokana na kutibu yote matatu kwa dawa ya lile moja.

Tuanze na dodoso, kwa sababu mengine yote yamejengwa juu yake. Abraham Maslow aliandika makala yake mwaka 1943, na ndani yake hamna mchoro wa piramidi. Mchoro ulikuja baadaye, kwa mikono ya watu wa mambo ya uongozi. Inaonekana jambo dogo, lakini piramidi humfanya msomaji aone ngazi ambazo ni lazima umalize moja ndipo ukanyage nyingine. Maslow mwenyewe aliandika kinyume cha hivyo: kwamba watu wengi wametoshelezwa kiasi na kukosa kiasi katika mahitaji yote kwa wakati mmoja. Akatoa mfano wa tarakimu za kubuni, akikiri kuwa ni za kubuni: mtu wa kawaida aliyetoshelezwa asilimia 85 katika mahitaji ya mwili, 70 katika usalama, 50 katika upendo, 40 katika heshima na 10 katika kujitimiza. Mwaka 1976 Wahba na Bridwell walipokusanya tafiti zilizojaribu kuipima ngazi ile kazini, walikuta ushahidi mdogo sana kwamba mahitaji hupangana kwa utaratibu huo.

Kwa hiyo ulipowaomba wapange ngazi tano, uliwalazimisha wajibu kana kwamba wanaishi ngazi moja kwa wakati. Na kuna usomaji mwingine wa wale wanane ambao sijui kama uliufikiria. Clayton Alderfer, mwaka 1969, alipendekeza kwamba mtu akizuiwa kukua, hurudi nyuma na kukazania kwa nguvu zaidi mahitaji ya chini. Aliyekata tamaa kwamba kazi yake itampa chochote cha kujivunia huuliza jambo moja lililobaki: basi nilipwe. Ikiwa ndivyo ilivyo kwenye kitengo chako, jibu la “mshahara” lilikuwa pia malalamiko kuhusu kazi yenyewe. Siwezi kukuhakikishia. Lakini ile miezi miwili ya uchangamfu iliyofuatwa na ukimya inalingana na alichokieleza Frederick Herzberg mwaka 1959, baada ya yeye na wenzake kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 huko Pittsburgh. Aliona kwamba mshahara, sera za kampuni, usimamizi na mazingira ya kazi hufanana na usafi wa maji. Maji machafu humwuguza mtu, lakini maji safi peke yake hayampi misuli. Nyongeza huondoa manung'uniko kwa muda. Nguvu ya kujituma aliikuta kwingine: katika kufanikisha jambo, kutambuliwa kwa jambo hilo, kazi yenyewe, wajibu na kukua.

Herzberg naye asimezwe mzimamzima. Alimwomba kila mtu asimulie wakati aliojisikia vizuri sana kazini na wakati aliojisikia vibaya sana, na sisi wanadamu tuna tabia ya kujipongeza kwa mafanikio na kuyalaumu mazingira kwa maudhi. Sehemu ya matokeo yake huenda imetokana na namna alivyouliza. Hata hivyo lile swali lake ni zuri kuliko dodoso la kupanga ngazi, na nitalirudia hapa chini.

Sasa bonasi. Unaandika kana kwamba imeshindwa. Mimi nasema imefanya hasa ulichoiagiza. Edwin Locke, tangu 1968, na baadaye pamoja na Gary Latham, wameonyesha mara nyingi kwamba lengo mahususi na gumu huinua utendaji kuliko kumwambia mtu ajitahidi tu. Lengo huvuta macho na juhudi kwenye kile kinachohesabiwa, na kwa nguvu ileile huviondoa kwenye visivyohesabiwa. Umehesabu mafaili yanayotoka mezani. Hukuhesabu yanayorudi, wala umri wa faili, wala dakika za kumfundisha mgeni. Faili la warithi wanaogombana linaweza kula saa nzima na lina thamani sawa na lile la dakika kumi, kwa hiyo mtu mwenye akili timamu ataliweka chini ya rundo. F. hakuwa akinung'unika alipokupa ile sentensi. Alikuwa anakusomea kanuni zako mwenyewe.

Kuongeza bonasi mara mbili kutakaza kamba ileile. Kuna pia hatari ya ndani zaidi. Mwaka 1971 Edward Deci aliwapa wanafunzi mafumbo ya kupanga vipande. Waliolipwa kwa kila fumbo, malipo yalipokoma, walipungukiwa na hamu ya kuendelea nayo kwa hiari yao kuliko wale ambao hawakulipwa. Mwaka 1999 yeye, Koestner na Ryan walichambua majaribio 128 ya aina hiyo. Malipo yanayojulikana mapema na kufungwa kwenye utendaji yalipunguza mvuto wa ndani wa kazi, ilhali sifa za maneno zenye taarifa ya kweli ziliuongeza. Lakini hapa nataka uwe mwangalifu, maana wengi huruka: athari hiyo ilionekana kwa kazi ambazo watu walizipenda tangu mwanzo. Bonasi haiwezi kuua hamu isiyokuwepo. Kwa hiyo huenda imemwumiza F., aliyekuwa anaipenda kazi ya nyaraka kwa ajili yake yenyewe, na isimwumize kabisa jirani yake ambaye kwake kusajili madai ni kusajili tu. Usiwachukulie wote 12 kama mtu mmoja.

Je, uifute basi? Hilo nalo lina bei yake. Waliokuwa wakiipata wameshaihesabu kama sehemu ya mshahara, na kuondolewa kwake kwa ghafla kutahisiwa kama kukatwa. Jerald Greenberg aliandika mwaka 1990 kuhusu viwanda vya kampuni moja ambamo mshahara ulipunguzwa kwa asilimia 15 kwa wiki kumi. Wizi uliongezeka. Lakini uliongezeka zaidi pale watu walipopewa maelezo mafupi na baridi, kuliko pale uongozi ulipoeleza sababu kwa kina, ukaonyesha tarakimu na kuonyesha kwamba unasikitika. Ukiamua kuiondoa, toa taarifa mapema, angalau mzunguko mmoja kamili wa malipo kabla. Onyesha tarakimu za makosa waziwazi. Na ikiwezekana fedha zilezile zisirudi kwa kampuni: ziingie kwenye mshahara wa kudumu, au zitumike kusawazisha pengo la mishahara ambalo nalijia sasa hivi. Njia ya kati ni kubakiza bonasi kwa kitengo kizima, kwa sharti la vipimo viwili vinavyovutana, kwa mfano siku kutoka kupokea dai hadi kulilipa pamoja na mafaili yanayorudi katika kila 100. Hatari yake ni kwamba wanaobeba zaidi watahisi wanawabeba wengine, na mtaanza kuchungana.

Lile la mgeni ndilo ningelishika kwanza, kabla ya jingine lolote. J. Stacy Adams alieleza mwaka 1963 kwamba mtu hapimi malipo yake peke yake. Hupima uwiano: ninachotoa kwa ninachopata, kisha analinganisha na uwiano wa mwenzake. Akiona umepinda, ana njia kadhaa za kuunyoosha. Anaweza kudai zaidi, anaweza kupunguza anachotoa, anaweza kubadili mtu anayejilinganisha naye, au anaweza kuondoka. Wenzako hawajadai. Basi wale wanaochelewa na simu zinazoita hadi kukatika zinaweza kuwa ile njia ya pili. Na hapa hakuna piramidi inayosaidia, kwa sababu mtu aliyeshiba na kuheshimiwa hukasirikia udhalimu vilevile.

Hutaweza kulimaliza pengo la asilimia 15 kwa wiki sita, na usiahidi hivyo. Unachoweza ni kuacha kulinyamazia. Waambie wote pamoja: tuliajiri kwa bei ya soko la sasa, soko limepanda kuliko mishahara yetu ya ndani, tunajua hilo si haki kwa waliokaa, na hii ndiyo ratiba ninayoiomba ili kulifunga pengo kwa awamu mbili au tatu. Kabla ya kusema, hakikisha mkurugenzi ameikubali ratiba kwa maandishi, kwa sababu ahadi ya msimamizi inayovunjwa na aliye juu yake huacha hali mbaya kuliko ya mwanzo. Wala usimtaje mgeni kwa jina. Yeye hakukosea kitu.

Naja kwenye kazi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Richard Hackman na Greg Oldham, katikati ya miaka ya 1970, walipendekeza mambo matano yanayoifanya kazi imsukume mtu kutoka ndani: inatumia ujuzi wa aina mbalimbali, inamwezesha kufanya jambo zima tangu mwanzo hadi mwisho, ina maana kwa maisha ya wengine, inampa uhuru wa kuamua, na inamwonyesha matokeo ya alichofanya. Kila jambo hupewa alama kuanzia 1 hadi 7. Matatu ya kwanza unayatafutia wastani, kisha unauzidisha kwa uhuru, kisha kwa mrejesho wa matokeo. Kazi kamilifu ingepata 343.

Tuchukue meza ya F. kwa makisio ya kutokea nje, wewe utayasahihisha. Aina za ujuzi 3, jambo zima 2, maana 5: wastani ni 3.3. Uhuru 2, matokeo 2, kwa sababu faili likiondoka F. hajui tena liliishia wapi. Ukizidisha unapata kama 13. Tuseme umebadilisha jambo moja tu, F. akashughulikia dai zima, alama ikatoka 2 hadi 5. Unapata 17 hivi. Sasa acha meza kama ilivyo, ila uhuru na matokeo viwe 4 kila kimoja. Unapata 53. Fanya yote na unafika 69. Watafiti wengine wameona kwamba kujumlisha tu hutabiri vizuri vilevile, kwa hiyo usiziabudu tarakimu hizi. Zinafaa kukuonyesha palipofungwa, na kwako naona pamefungwa kwenye kujua matokeo.

Hilo unaweza kulianza kesho bila idhini ya mtu. Faili likirudi, lisirekebishwe na yeyote aliye karibu. Lirudi kwa aliyekosea, ndani ya siku mbili, likiwa na mstari mmoja unaosema kosa ni lipi, bila nakala kwenda kwa msimamizi. Mkiweka nakala kwako, mrejesho unageuka upelelezi. Na kila Ijumaa meza ya nne iwapelekee wenzao orodha fupi ya madai yaliyolipwa: nani alilipwa, baada ya siku ngapi, na faili lilipitia mikono ya nani. Adam Grant alichapisha mwaka 2007 jaribio kwenye kituo cha kupiga simu za kuchangisha fedha za chuo kikuu. Wafanyakazi waliokutana kwa muda mfupi na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha hizo, mwezi mmoja baadaye muda wao kwenye simu ulikuwa umepanda kwa asilimia 142 na fedha walizokusanya kwa asilimia 171. Wenzako wanashughulikia fedha za watu waliofiwa na waliopoteza mali, na mteja pekee wanayekutana naye ni yule aliyekuja kupiga kelele.

Kuvunja meza nne na kuunda vikundi vinavyoshika dai zima ni hatua kubwa zaidi. Ukiitaka, usianze na wote. Chukua watatu wanaotaka kwa hiari, mmoja kutoka kila moja ya meza tatu za kwanza, wapewe madai kwa zamu ya kuingia na wasiruhusiwe kuchagua mepesi. Meza ya uidhinishaji ibaki nje ya kikundi. Anayekokotoa asiwe ndiye anayeidhinisha malipo, hata kama ni mwaminifu kiasi gani; ukiliondoa pazia hilo wakaguzi watakuja, na watakuwa na haki. Tarajia kasi ishuke wiki mbili tatu za kwanza, watu wakijifunza kazi ya jirani. Mwambie mkurugenzi mapema, la sivyo wiki ya pili atasema jaribio limeshindwa. Pimeni siku za kusubiri, mafaili yanayorudi na umri wa faili kongwe kuliko yote. Na matokeo yakipanda, yapunguze kidogo kichwani mwako: waliojitolea huwa na ari tangu mwanzo, na kule kuangaliwa tu kunaweza kumchangamsha mtu kwa muda, kama ilivyosemwa kuhusu majaribio ya miaka ya 1920 kwenye kiwanda cha Hawthorne, Marekani.

Kuna watakaokataa. Hackman na Oldham walisema wazi kwamba wengine hawana kiu kubwa ya kukua kupitia kazi, na kwamba mtu asiyeridhika na mshahara au usimamizi hataitikia vizuri kazi iliyotanuliwa. Ndiyo maana nimetanguliza suala la haki. Ukilipita, vikundi vipya vitatafsiriwa kama kazi zaidi kwa malipo yaleyale, nao hawatakuwa wamekosea.

Unauliza F. anataka nini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami sitajifanya ninakijua. Naweza tu kukufungulia uwezekano. David McClelland alitofautisha haja ya kufanikisha, haja ya kuwa na watu, na haja ya kuwa na ushawishi juu ya wengine. Cheo humfurahisha zaidi mwenye ile ya tatu. Mtu wa kufanikisha anaweza kukiona cheo kama kuondolewa kwenye kazi anayoiweza na kupewa vikao. Picha ya ukutani nayo inaweza kuwa imemgharimu: kabla yake F. alikuwa mwalimu wa wenzake, baada yake akawa mshindi wao. Deci na Ryan wanataja mahitaji matatu, yaani kujiamulia, kuwa na uwezo na kuwa karibu na wengine. Angalia jinsi tuzo moja ilivyoweza kusifu la pili huku ikijeruhi la tatu. Lakini pia huenda F. ana jambo la nyumbani, au amechoka tu, au anatafuta kazi kwingine.

Kwa hiyo badala ya dodoso jipya au semina, tenga nusu saa kwa kila mmoja wa wale 12, wiki hizi mbili, pasipo fomu ya tathmini mezani. Waulize: ni lini katika mwaka huu ulitoka kazini ukiwa umeridhika na ulichofanya, na kilikuwa nini? Ni lini ulitoka umechukia? Kuna kitu gani unakifanya kila wiki ambacho ungeacha leo usingemkosesha mteja chochote? Andika maneno yao, usitetee lolote, hata wakisema bonasi yako ni upuuzi. Baada ya wiki mbili rudi kwao na mambo mawili uliyoyabadilisha na moja ambalo hutaweza kulibadilisha, pamoja na sababu. Hayo ndiyo yatakayojaza pendekezo lako, na mkurugenzi atakuwa na kitu cha kulinganisha na bonasi mara mbili.

Kwa F. ongeza swali moja. Usimpe cheo tena, wala usimwombe arudi kufundisha bure. Muulize kama angependa saa za kufundisha ziingizwe kwenye hesabu ya kazi yake, ngapi kwa wiki, na nani awe wa kwanza kukaa naye. Akisema hapana, mshukuru, umwache aende zake. Ukishaongea naye tuandikie alichosema, hasa kama si kati ya haya niliyoyakisia.

Mshauri wako